Koti Kichwani

Kwetu Wanyakyusa, mtu hakutani uso kwa uso na mke wa mwanawe. Mkamwana hamwangalii baba mkwe, hamtaji jina, wala hapiti njia aliyomo. Vijana wa siku hizi wanacheka. Wengine wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha, shauri yao. Nyumbani kwangu hapa Uyole mila hiyo ipo, na inaendeshwa kwa kikohozi. Nikirudi kutoka sokoni, nikifika kwenye mgomba wa mwisho, nakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu anayesafisha koo kanisani. Devota akisikia anaacha alichoshika na kuingia ndani. Kama uji uko motoni, utaungua. Ndiyo heshima yenyewe.

Cha ajabu, Devota si Mnyakyusa. Ni Mhehe wa Idodi, huko njia ya kwenda mbugani Ruaha, na kwao baba mkwe anasalimiwa tu, "kamwene, baba," yakaisha. Aliyemfundisha mambo yetu ni marehemu mke wangu, Esnath. Walifundishana jikoni huku wakicheka, mimi niko nje nasikia. Esnath alipoondoka nilidhani binti ataitupa mila hiyo, maana nani sasa wa kumkagua? Akaishika kuliko watoto waliozaliwa hapa hapa. Nikaelewa haikuwa kwa ajili yangu. Ilikuwa kwa ajili ya mwalimu wake.

Esnath alikufa Julai ya mwaka jana, kwenye baridi ile ya kuvunja mbavu. Alianza na mafua. Nani anaogopa mafua? Homa, viungo, kichwa. Tulikwenda kituo cha karibu wakatuambia mafua hayana dawa, mama akanywe tangawizi na malimau. Akanywa. Kabla wiki haijaisha kifua kimejaa, tukampeleka hospitali kubwa, mashine ya hewa ina mgonjwa mwingine na daktari yuko semina. Semina! Mke wangu anatafuta pumzi, wao wanatafuta posho. Tulimzika Tukuyu kwenye mvua, na mtendaji mmoja akaja kutoa pole amevaa miwani ya jua.

Tangu siku ile, mkubwa yeyote akifungua mdomo, mimi kazi yangu ni kutafuta uongo uko wapi.

Na alipoondoka Esnath lilikatika daraja. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno yangu kwa Devota na kuyaleta ya Devota kwangu. Mwanangu Lusekelo anaendesha lori, leo Tunduma, kesho Dar, nyumbani anapita kama mgeni. Tumebaki wawili kwenye ua mmoja, kila mtu na nyumba yake, tusioonana. Tunasemeshana kwa vitu. Nikibakiza ugali, kesho yake nakuta uji wa ulezi mlangoni. Kifungo kikikatika, naanika shati upande ule, linarudi limeshonwa. Na jambo likiwa zito kuliko shati, namwambia kuku. Tuna jike moja kishingo, halina manyoya shingoni, halikai mbali na mlango. Nasimama uani, nampa kuku taarifa kwa sauti, na wa ndani anasikia. Huyo ndiye katibu wa nyumba yetu.

Mwezi wa tano, viazi vinaingia sokoni kwa fujo, gari la matangazo likapita. Chanjo ya mafua makali, likasema. Itatolewa bure siku ya Alhamisi, kwenye ghala la viazi, kwa wazee, wajawazito, wenye pumu, kisukari na maradhi ya moyo. Nilikuwa nimekaa kwa Othmani, anayeuza mchele. Baba yake alitoka pwani akafuata biashara, yeye kazaliwa hapa na anaongea Kinyakyusa kuliko mimi.

"Umesikia hao?" nikamwambia. "Mafua nayo yamepata chanjo. Mwakani watachanja njaa."

"Wakichanja njaa mimi wa kwanza kwenye foleni."

"Na hii utakwenda?"

"Nitakwenda, tena na kisukari changu mkononi. Wewe baki na hasira zako, bwana Gwakisa, tuone kama zinatibu kifua."

"Mwaka jana ilikuwa wapi, Othmani? Nijibu hilo moja. Mwaka jana ilikuwa wapi?"

Akashika kopo akawa anapima mchele usio na mnunuzi. Basi nikasimama nikawaambia watu wote pale, wauza kabichi, wabeba magunia, na gari lenyewe lililokuwa limekwama kwenye tope: hakuna mtu wa nyumba yangu atakayewanyooshea mkono hawa. Nikaondoka kifua mbele. Nilisema vizuri, hata sasa sikatai.

Ila maneno ya sokoni yana miguu mirefu kuliko yangu. Jioni Lusekelo akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Makambako, nasubiri tairi. Baba, nesi wa kliniki kamwambia Devota akachanjwe Alhamisi. Mimba na pumu vikikutana na mafua makali, kasema, si mchezo."

"Si akachanjwe?"

"Hataki. Anasema baba amekataza."

"Nani kamwambia?"

"Baba, umetangazia soko zima."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mumewe."

"Nimemwambia. Kanijibu mume yuko barabarani, baba yuko nyumbani."

Nikakata simu kwa kisingizio cha mtandao. Ng'ambo ya ua Devota alikuwa anapepea jiko. Upepo wa jioni ulikuwa unarudisha moshi, na kati ya pepeo moja na jingine nikamsikia anavuta pumzi. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi nyembamba. Akasimama, akatafuta ile dawa yake ya kupuliza, filimbi ikapungua, akaendelea kupepea. Sikula vizuri. Mlio ule niliwahi kulala nao chumba kimoja mwaka jana, naujua mwanzo wake na mwisho wake.

Asubuhi nikaenda kliniki. Nesi anaitwa Faustina, mwanamke mnene, sauti yake ya kwaya.

"Nimekuja kuuliza," nikamwambia, "sikuja kuchanjwa."

"Karibu uulize, baba."

"Sindano hiyo inamdhuru mjamzito?"

"Haimdhuru. Mkono utamuuma, pengine na homa kidogo siku ya kwanza. Mle ndani hamna mdudu mzima wa kumpa mafua. Na mtoto akizaliwa anatoka na kinga ya mama yake, maana yeye mwenyewe kuchanjwa bado."

"Kwa hiyo mafua hayatampata."

"Sijasema hivyo, baba. Yanaweza kumpata. Kinachopungua ni yale ya kushuka kifuani na kumlaza hospitali. Na ni ya kila mwaka, kwa sababu hayo mafua nayo yanabadilika."

Nilikuwa nimejiandaa anidanganye, nimkamate hapo hapo. Hakunidanganya. Nikamrushia lile swali nililomuuliza Othmani.

"Mwaka jana ilikuwa wapi?"

Akaacha alichokuwa anafanya. "Haikuwepo huku kwetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia watu wakanywe tangawizi. Sikuwa na kingine."

Katika watu wote niliowauliza, huyo ndiye wa kwanza kunijibu. Wakubwa wake wangenipa hotuba.

"Na wewe, baba? Una shida yoyote?"

"Moyo. Wanasema umepanuka."

"Basi nawe uje. Umri wako na moyo huo, ni haki yako. Tena unaishi ua mmoja na mjamzito. Ukiyaokota sokoni utampelekea nani?"

Nikarudi. Kwenye mgomba nikakohoa, mlango ukafungwa. Kuku alikuwa anachakura karibu na jiko.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti. "Nimesikia unaogopa kuchanjwa kwa sababu ya maneno ya mzee mmoja sokoni. Mzee yule anagombana na wakubwa, hagombani na wewe. Alhamisi nenda, tena nenda mapema. Mzee naye atakuja, lakini jua likishapanda, ili msikutane. Umesikia?"

Kuku akala mchwa. Ndani, kifuniko cha sufuria kikagongwa mara mbili. Hilo ndilo jibu la Devota anapokubali.

Mpango ulikuwa mzuri. Walioharibu ni wale wale.

Alhamisi nikasubiri mpaka jua likapanda, nikavaa koti, nikaenda zangu taratibu, nikijua binti keshachomwa na yuko nyumbani. Kufika, hakuna aliyechanjwa. Walikuwa wanamsubiri mgeni rasmi. Wagonjwa wa moyo, wajawazito, vikongwe wa miaka themanini, wamekalishwa tangu asubuhi kwenye upepo wa Uyole, mtu mmoja aje akate utepe. Walikuwa wamefunga utepe mlangoni mwa ghala! Ghala ambalo tunapakia viazi humo tangu tukiwa vijana, leo linafunguliwa. Akaja na magari yake, akakata, akapigiwa makofi, akasema serikali inawajali wazee. Nikatema mate chini.

Tukaingizwa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa mawili yakitazamana, wazee huku, wajawazito kule, kama hakuna mkwe wala mkamwana hapa duniani. Aliyepanga vile hajaoa kwa Wanyakyusa. Mimi nikakaa mwisho kabisa, karibu na magunia, macho yangu kwenye viatu. Nilijua Devota yumo humo, lakini ukitazama viatu vyako hujamvunjia mtu heshima, na yeye alikuwa hajaniona. Tungepita salama.

Vijana wakasogeza gunia. Vumbi la viazi likanipanda puani, likashuka kooni, nikalizuia, nikalizuia, likanishinda. Nikakohoa. Mara mbili, kikavu.

Benchi la mbele mwanamke mwenye kitenge cha kijani akasimama kama amechomwa, akajifunika uso, akatoka mlango wa nyuma. Wenzake wakasogea na pengo likaziba.

"Devota Kihwele!" Faustina akaita. Kimya. "Devota Kihwele! Zamu yako hii, mama!" Kimya. "Haya, anayefuata."

Othmani alikuwa keshachomwa, amekandamiza pamba mkononi kama mtu aliyetoka vitani. Akaja akachutama karibu nami.

"Umemkohoa mkweo."

"Nimeona. Nenda kamwambie arudi, mimi natoka."

Akaenda. Nilimsikia nyuma ya ghala akibembeleza, nikasikia na ile filimbi, sasa imekuwa nene, maana huko nyuma ndiko upepo unakotokea. Akarudi anatikisa kichwa.

"Hataki. Anasema hawezi kumtangulia baba. Eti wewe uchanjwe kwanza, una moyo. Ukiondoka bila kuchanjwa, naye haingii."

"Foleni yangu iko mwisho, na hawa mchana wanahamia vijiji vya juu."

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema basi. Mama Esnath alimwambia amtunze baba, hakumwambia ampite."

Nilikaa na neno hilo. Kwamba Esnath alilala pale hana pumzi, na pumzi chache alizonazo akazitumia kwa hilo, na binti wa watu wa Idodi amelibeba mwaka mzima bila kulipeleka popote, kwa sababu asingeweza kuniambia na kuku si wa kuambiwa mambo kama hayo. Nje filimbi ikaendelea. Kwenye kasha la barafu nesi Bertha, mwenzake Faustina, alikuwa ameanza kufunga funga.

Koti langu ni lile ambalo Esnath alinichagulia Mwanjelwa kwenye mitumba. Ni kubwa, wanaingia watu wawili. Alisema aliyelivaa Ulaya lazima alikuwa mnene kama ng'ombe wa maonyesho. Nikalivua. Nikalivuta juu ya kichwa changu, mpaka kifuani, mikono ikining'inia huku na huku. Giza, na harufu ya moshi wa nyumbani.

"Othmani," nikasema kutoka humo ndani, "mwambie baba mkwe hayumo. Humu kuna lumbesa tu."

Lumbesa, kwa asiyejua, ni lile gunia letu la viazi linalojazwa mpaka linavimba na kuvishwa kichwa juu. Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Nikasikia mtu wa kamera akisogea, na sauti nene ya mgeni rasmi ikiuliza, "Huyu mzee ana tatizo gani?"

"Hana tatizo, mheshimiwa," Faustina akasema. "Ana mkwe."

"Piga picha!" nikamwambia yule wa kamera. "Piga, halafu uandike kwamba hivi ndivyo serikali inavyoonekana ukiwa huku chini!"

"Gunia linasema!" akapiga kelele bibi mmoja. "Lifungeni vizuri!"

Othmani akanishika mkono akaniongoza mbele kama kipofu, huku anapigia kelele mlango wa nyuma: "Mama, njoo! Hakuna mtu humu, ni viazi! Gunia halina macho!" Nikakaa kwenye benchi la kuchomewa sindano. Kicheko kikashuka. Nikasikia kandambili zikija taratibu, zikisimama, zikija tena. Benchi likainama kidogo upande wa pili. Tulikuwa tumepeana mgongo.

"Nianze na nani?" Faustina akauliza.

"Na mwenye roho mbili," nikasema.

"Nesi," ikasema sauti nyuma yangu, "naomba baba aanze."

Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ya Devota bila ukuta katikati. Ni nzito kuliko nilivyodhani, na mwishoni inapanda kidogo, kama Wahehe wanavyofanya.

"Gunia halipakiwi kabla ya mama mjamzito," nikamwambia Faustina.

"Mwambie gunia kwamba asali haitangulii nyuki."

"Mwambie huyo mama hiyo methali sijawahi kuisikia."

"Mwambie ni ya Idodi."

Watu walikuwa wanaangua kicheko upya. Kifua cha Devota kilikuwa bado kinalia kidogo, lakini alikuwa anacheka, nilihisi benchi likitikisika. Nilikumbuka jikoni kule, yeye na Esnath.

"Mnanichelewesha nyote wawili," Faustina akasema. "Kwanza mama avute dawa yake, apumue." Akangoja mpaka filimbi imeshuka, akamsikiliza kifua, akaridhika. "Sasa, njoo hapa Bertha, chukua huyu wa koti. Mimi nachukua mama. Tunachoma pamoja, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Pandisheni mikono ya nguo."

Bertha akautafuta mkono wangu chini ya koti kama mtu anayetafuta kiazi kilichooza. Wakahesabu. Ikaingia. Niwe mkweli, siafu anauma zaidi.

Sikuondoa koti mpaka kandambili zilipokwisha kusikika barabarani.

Kesho yake mkono ulikuwa mzito, nikashindwa kuchanja kuni. Mlangoni nikakuta beseni la maji ya vuguvugu na kitambaa. Wake nao lazima ulikuwa unauma, kwa hiyo nikamwambia kuku kwamba maji hayo yagawanywe, na kuni zingoje.

Juni baridi ikaja, na mafua yakaja nayo. Sokoni vibanda vikafungwa kimoja kimoja. Othmani alipiga chafya mpaka mchele ukaruka. Mimi yalinishika, nikalala siku chache, nikaamka. Devota nilimsikia akikohoa, nikawa nasikiliza kila jioni kwa masikio yote kama kile kikohozi kinashuka. Hakikushuka. Kilicheza cheza kooni, kikaondoka. Kama ni chanjo, kama ni Mungu, kama ni tangawizi, mimi niliishia darasa la nne, sitajua. Najua Julai ilikuja nyumbani kwangu, ikakaa, ikaondoka bila kubeba mtu. Nikaenda Tukuyu kumwambia Esnath.

Wakubwa sijawasamehe. Kilichowezekana mwaka huu mwaka jana pia kingewezekana, na atakayeniambia vingine aje kwangu bila miwani ya jua. Mwakani walete mapema, waache utepe, na mabenchi wayapange kwa akili. Nimekwisha mwambia Faustina nitakuwepo. Koti ninalo.

Mtoto alizaliwa Agosti. Wa kike. Hawakuniuliza jina na mimi sikuuliza, maana lilikuwa moja tu.

Juzi mchana, jua limechangamka, nilikuwa ndani natengeneza jembe. Nikasikia kikohozi uani. Mara mbili, kikavu. Nikashtuka, moyo huu uliopanuka ukaruka, halafu nikaelewa: kile hakikuwa cha kifua. Alikuwa ananibishia hodi kwa lugha yangu mwenyewe. Nikangoja mlango wa ng'ambo ufungwe, nikatoka. Barazani kwangu palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka, amefungwa blanketi mpaka kidevuni, Esnath mdogo amelala. Kuku kishingo amesimama pembeni kama mlinzi.

Nikakaa naye. Nilisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka, laini, haina mlio wowote. Jua lilipoanza kuondoka barazani nikajua ni wakati wa mama yake kuja kumchukua, na ili aje lazima mimi niingie ndani na kumjulisha. Nikasimama mlangoni, nikakohoa. Ila kidogo tu, nusu sauti, mtoto asiamke.